Akiba Haiozi, Lakini Pointi Je?

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi, nami sina ubishi na wahenga. Mkulima wa Runyenjes aliyeyatia mahindi yake dawa, akayafunga guniani na kuyapanga ghalani, ana haki ya kulala usingizi wa pono. Lakini siku hizi kuna akiba ya aina nyingine ambayo wazazi wetu, walimu wetu na hata sisi wenyewe wakati wa likizo hujiwekea bila kufikiria sana. Akiba hiyo ni pointi. Ukinunua muda wa maongezi, pointi. Ukilipia sukari katika duka kubwa mjini Meru, karani anakuuliza, "Uko na kadi ya pointi?" Ukilipa kwa kadi ya benki, pointi. Ukipanda ndege, pointi tena. Watu wengi hudhani kuwa hizi ni pesa za bure zilizowekwa mahali salama. Nia yangu katika makala haya ni kueleza pointi zilitoka wapi, hulipwa na nani, hukombolewa vipi, na kwa nini mtu anayezilimbikiza kama mahindi ghalani hana budi kuwa macho. Kwa maana nazo zina dumuzi wake.

Tuanze na asili. Mchezo huu haukuanza jana, wala haukuanza na simu. Huko Marekani, mwaka wa 1896, kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza kuwauzia wenye maduka stempu ndogo za kijani. Mteja akinunua bidhaa, mwenye duka alimpa stempu kadiri ya pesa alizotumia. Mteja alizibandika kitabuni, na kitabu kikijaa alikwenda kukibadilisha na vyombo vya nyumbani. Mwaka wa 1981 kampuni ya ndege ya American Airlines ikaanzisha mpango uitwao AAdvantage, ambapo abiria alihesabiwa maili alizosafiri, na zikitosha akapewa tiketi. Haukupita muda benki nazo zikaingia mchezoni. Wakatoa kadi za mkopo ambazo mtu akinunulia hata viatu, anahesabiwa maili za ndege. Ikawa mtu anaweza kukusanya safari ya angani akiwa amekaa chini!

Kwetu Afrika Mashariki, abiria wa Kenya Airways walikusanya maili kwa miaka mingi katika mpango wa Flying Blue, ulioanzishwa mwaka wa 2005 na Air France pamoja na KLM. Lakini wangapi kati yetu hupanda ndege? Mwananchi wa kawaida wa Maua, Chuka au Siakago aliingia katika hesabu hii mwaka wa 2007, mwaka ule ule wa M-PESA, wakati Safaricom ilipoanzisha Bonga Points. Ulipoanza mpango huo, mteja alipata pointi 1 kwa kila shilingi 10 alizotumia. Pointi hizo aliweza kuzibadilisha na muda wa maongezi, ujumbe mfupi, na hata simu mpya. Tangu wakati huo neno "pointi" limehama kutoka uwanja wa mpira likaingia katika mazungumzo ya nyumbani.

Sasa, kuna watu hapa kwetu ambao hufananisha pointi na bonasi ya majani chai. Nimesikia mtu mzima akisema, "Hizi ni bonasi ya simu tu, kama ile ya KTDA." Kwa heshima zote, mfano huo haufai. Mkulima anayepeleka majani katika kiwanda cha Githongo au Kionyo upande wa Meru, au Mungania na Rukuriri upande wa Embu, hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo mwezi baada ya mwezi. Chai ikishauzwa na hesabu za mwaka kufungwa, hulipwa kile kilichosalia, ndicho tunachokiita bonasi. Bonasi ni jasho lake mwenyewe, ni bei ya majani yake iliyochelewa, na hulipwa kwa shilingi. Akiipata anaweza kulipa karo, kununua ng'ombe au kuezeka nyumba, na hakuna wa kumwambia anunue nini.

Pointi ni kinyume cha hayo. Hupewi kwa kuuza, hupewa kwa kununua. Halafu si shilingi. Pointi ni ahadi ya muuzaji, iliyoandikwa kwa sarafu ambayo yeye mwenyewe ameitunga. Yeye ndiye anayeamua sarafu hiyo inanunua nini, kwa bei gani, na itakufa lini. Hilo ndilo jambo kuu ninalotaka msomaji alishike, na mengine yote nitakayosema ni matawi ya mti huo.

Niruhusu nitoe mfano wa nyumbani. Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Embu, hadiwea kama tunavyosema. Ana kadi ya mkopo ya benki moja ambayo humpa pointi kila anapolipa, na pointi hizo hubadilishwa na tiketi za ndege. Kwa miaka miwili na zaidi alilipia kwa kadi hiyo mabati na misumari kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Nairobi, wale tu ambao hawakumwongezea bei kwa sababu ya kadi. Zilipotosha, akampatia nyanya yangu, mkazi wa Nkubu ambaye alikuwa hajawahi kuona bahari, tiketi ya kwenda Mombasa na kurudi. Familia nzima ilishangilia. Nyanya peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana: "Mwanangu, na hiyo ndege imelipwa na nani?"

Mjomba akajibu, "Mama, ni ya bure." Nyanya akamtazama tu. Mtu aliyeuza ndizi soko la Gakoromone miaka thelathini hawezi kukubali kwamba kuna kitu cha bure.

Na kweli si cha bure. Hebu tujibu swali la nyanya. Unapolipa shilingi 1,000 kwa kadi, mwenye duka hapati 1,000 kamili. Sehemu ndogo hukatwa, ikagawanywa kati ya benki ya mwenye duka, benki iliyokupa kadi, na kampuni ya mtandao wa kadi kama vile Visa au Mastercard. Benki iliyokupa kadi huchukua kipande cha fungu lake na kununulia pointi zako kutoka kwa kampuni ya ndege. Mwenye duka naye si mjinga. Akiona anakatwa, huongeza kidogo bei ya bidhaa zake. Na bei hiyo hulipwa na kila mtu, hata yule mama aliyekuja na noti zake zilizofungwa kwenye leso, ambaye hana kadi wala hajui pointi ni mnyama gani. Kwa hivyo tiketi ya mwenye kadi huchangiwa kidogo kidogo na wasiokuwa na kadi. Ndiyo sababu nasema swali la nyanya lilikuwa na uzito.

Kuna mlipaji mwingine tena, naye ni yule mwenye kadi ambaye hakulipa deni lake kwa wakati. Kadi ya mkopo, kama jina lake linavyosema, ni mkopo. Benki hukupa siku kadhaa za kulipa bila riba. Ukimaliza deni lote kabla ya tarehe, umetumia pesa za benki bure na pointi umepata. Ukichelewa, riba huanza kutafuna. Tufanye hesabu, nanyi wenzangu wa kidato cha pili mnaweza kuifuata. Tuseme kadi fulani inatoa pointi 1 kwa kila shilingi 100, na pointi 1 ina thamani ya shilingi 1. Umenunua vitu vya shilingi 60,000. Umepata pointi 600, yaani shilingi 600. Sasa tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi na umechelewa mwezi mmoja tu. Riba ni shilingi 1,800. Umepokea mia sita kwa mkono wa kulia, ukatoa elfu moja mia nane kwa mkono wa kushoto. Ukichelewa miezi mitatu ni zaidi ya 5,400. Mtu wa namna hiyo hapati safari ya bure. Anawalipia wenzake safari.

Mjomba alifaulu kwa sababu mbili tu. Alinunua kwa kadi vitu ambavyo angenunua hata kama pointi hazingekuwapo, kwa maana mabati ndiyo biashara yake. Pili, alilipa deni lote kila mwezi kabla ya tarehe. Mtu anayenunua televisheni ya pili ili afikishe pointi za tiketi ameuza ng'ombe kununua kamba.

Tuje sasa katika kukomboa. Hapa ndipo wengi hupigwa chenga. Kampuni hupenda kutaja pointi kwa mamia na maelfu kwa sababu tarakimu kubwa huvimbisha kichwa. Dawa yake ni kuzigeuza ziwe shilingi. Chukua bei ya kitu dukani, igawanye kwa idadi ya pointi unazotakiwa kutoa. Mathalani, ukiambiwa utoe pointi 2,000 upewe bando ambalo dukani ni shilingi 300, kila pointi imekupa senti 15. Kwa pointi hizo hizo 2,000 ukipewa muda wa maongezi wa shilingi 400, kila pointi imekupa senti 20. Umeona? Pointi ni zile zile, simu ni ile ile, lakini ukichagua vibaya umeacha bob 100 mezani.

Mfikirie mfanyabiashara wa miraa kule Maua. Kazi yake ni simu mchana kutwa: anapigia wachumaji, anapigia dereva wa probox, anapigia mnunuzi Eastleigh. Tuseme anatumia shilingi 200 kila siku. Kwa siku 30 hizo ni 6,000. Kwa kipimo cha pointi 1 kwa kila shilingi 10, amepata pointi 600. Mwambie "pointi mia sita" atatabasamu. Lakini ikiwa kila pointi ni senti 20, mwambie "umerudishiwa mia moja na ishirini katika elfu sita," atasema, "Kumbe ni hivyo tu?" Ndiyo, ni hivyo tu. Ni asilimia 2. Si mbaya, mia na ishirini ni unga wa siku moja, lakini si sababu ya kupiga simu moja zaidi.

Tiketi za ndege zina mambo yake. Kwanza, pointi aghalabu hulipia nauli, lakini kodi na ada za uwanja wa ndege hulipwa kwa pesa taslimu. Mjomba alizilipa kutoka mfukoni. Pili, viti vya pointi si vingi. Ukitaka kusafiri Desemba, wakati kila mtu anataka kwenda pwani, utaambiwa vimekwisha, au utatakiwa pointi nyingi zaidi. Nyanya alisafiri mwezi wa Mei, mvua ikinyesha. Tatu, ndege haiji Nkubu. Ilibidi apande matatu mpaka Embu, na kutoka Embu mpaka Nairobi, na makanga hajui pointi. Ukijumlisha yote hayo, safari "ya bure" iligharimu pesa halisi. Ilikuwa na faida, sikatai, na nyanya mpaka leo husimulia jinsi mawingu yalivyokuwa chini yake. Lakini faida huonekana baada ya kutoa gharama, sivyo walimu wa Biashara?

Sasa nije kwa dumuzi niliyemtaja. Pointi huharibika kwa njia tatu, na zote tatu zimewahi kutokea.

Njia ya kwanza ni kubadilishwa kwa kipimo. Mwezi wa Aprili 2018, Flying Blue iliacha kuwahesabia abiria maili kulingana na umbali wa safari, ikaanza kuwahesabia kulingana na pesa walizolipia tiketi. Yule aliyezoea kununua tiketi ya bei nafuu ya safari ndefu akajikuta anavuna kidogo. Hakuna aliyemwibia. Mwenye sarafu amebadilisha sarafu yake, basi.

Njia ya pili ni tarehe ya mwisho. Mwaka wa 2022 Safaricom ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2023, pointi za Bonga zilizozidi umri wa miaka mitatu zingefutwa. Hapo ndipo Wakenya wengi walipokumbuka kuwa wana pointi! Watu walilalamika sana, na mpango huo ukasitishwa. Lakini fundisho lilibaki. Kitu ambacho mwingine anaweza kutangaza kukifuta, hata kama mwishowe hakukifuta, hakikuwa mikononi mwako kikamilifu.

Njia ya tatu ni kifo cha mwenye ahadi. Wakubwa wetu wanalikumbuka duka kubwa la Nakumatt, ambalo hata hapa Meru lilikuwa na tawi. Wateja wake walikuwa na kadi ya Smart ya kukusanyia pointi. Madeni yakalielemea duka hilo, matawi yakafungwa moja baada ya jingine, na mwezi wa Januari 2020 wadai wake wakapiga kura kampuni ivunjwe. Ikiwa waliouzia duka hilo bidhaa kwa mamilioni walibaki wakidai, wewe mwenye pointi zako za sukari na sabuni utampelekea nani kadi yako? Rafu ni tupu na karani ameenda zake.

Isije ikadhaniwa kuwa nasema pointi hazina thamani. Zina thamani kubwa, hasa kwa aliyezitoa. Mwaka wa 2020, wakati ugonjwa wa Korona ulipozifungia ndege chini, kampuni ya United Airlines ya Marekani iliuweka rehani mpango wake wa pointi, MileagePlus, ikapata mkopo wa mabilioni ya dola. Fikiria hilo, ndege zimelala uwanjani, lakini daftari la pointi linakopesheka! Sababu ni kwamba pointi humfunga mteja arudi pale pale, na humwonyesha muuzaji nani ananunua nini, wapi na saa ngapi. Kadi ya duka inajua kama nyumbani kwenu mnatumia sukari kilo mbili au kumi. Habari hizo nazo ni mali. Ndiyo maana Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka wa 2019, inayompa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwaje. Kwa hivyo unapojaza fomu ya kadi ya pointi, isome kabla ya kutia sahihi.

Baada ya maelezo hayo, nawapa wenzangu mashauri matano, nayo mtayapeleka nyumbani likizo ikifika.

Kwanza, msinunue kitu kwa sababu ya pointi. Nunueni mnachohitaji, pointi zije zenyewe kama mchicha unaoota kando ya mahindi.

Pili, zigeuzeni pointi kuwa shilingi kabla ya kufurahi. Hesabu ni kugawanya mara moja tu.

Tatu, zitumieni mapema. Mahindi ukiyaweka vizuri hukungoja, pointi hazina ahadi hiyo. Anayezitumia kila muhula anapata kile kilichopo, anayengoja miaka mitano anapata kile watakachoamua kumpa.

Nne, kwa wale watakaokuja kuwa na kadi ya mkopo baada ya masomo: lipeni deni lote kabla ya tarehe, au msiwe na kadi hiyo kabisa. Hakuna pointi inayoshinda riba mbio.

Tano, mtu akikupigia akisema, "Hongera, umeshinda pointi elfu hamsini, nitajie namba yako ya siri," kata simu. Pointi zako haziombi namba ya siri ya M-PESA. Waathiriwa wa ulaghai huu mara nyingi ni wazee wetu, ambao wanaheshimu kila sauti inayojiita ya kampuni.

Na hapo kwa wazee ndipo penye kazi yetu, sisi wana wa chama cha Kiswahili. Shuleni simu hatuna ruhusa ya kuwa nazo, hilo linajulikana, lakini likizo inakuja. Kuna babu na nyanya wengi kutoka Igembe hadi Mbeere ambao wametumia simu miaka na miaka, wanatumiwa pesa na watoto wao, wanapokea ujumbe wasioweza kuusoma vizuri. Pointi zao zimelala humo ndani. Keti na mzee wako, umwombe ruhusa, mbonyeze pamoja *126#, umsomee kwa lugha anayoielewa ana pointi ngapi na zinafaa nini, kisha yeye mwenyewe aamue. Pengine ni muda wa maongezi wa kumpigia dada yake aliye mbali. Hakitakuwa kitu kikubwa, lakini ni chake, na ni afadhali akitumie yeye kuliko kukiachia dumuzi.